Dalili au Ufundi? Upokezi wa Albamu ya There's a Riot Goin' On, 1971–2020

Utangulizi

Mnamo Novemba 1971, kampuni ya Epic ya Marekani ilitoa albamu ya There's a Riot Goin' On ya bendi ya Sly and the Family Stone. Albamu hiyo ya fanki na souli ilifika nafasi ya kwanza katika orodha ya jarida la Billboard, na wimbo wake "Family Affair" ukaongoza orodha ya santuri ndogo kwa majuma matatu. Wanunuzi hawakusita; waliosita ni wahakiki. Makala haya yanachunguza safari ya hukumu ya wahakiki hao. Hoja inayotetewa ni kwamba hukumu ilibadilika lakini msingi wake haukubadilika. Sauti nzito na yenye ukungu ya albamu ilionekana kwanza kuwa udhaifu wa mtu, kisha ikasifiwa kuwa kioo cha taifa lililokata tamaa. Katika hatua zote mbili ilisomwa kama dalili, na fani yake ikamezwa na maudhui.

Matarajio ya wasikilizaji

Upokezi wa 1971 hauwezi kueleweka bila kurejelea 1969. Mwaka huo bendi ilitoa albamu ya Stand! na kutumbuiza katika tamasha la Woodstock. Ilikuwa bendi ya weusi na weupe, wanaume na wanawake, ambamo Cynthia Robinson alipuliza tarumbeta, Larry Graham akapiga gitaa la besi na Greg Errico akapiga ngoma. Nyimbo zake zilikuwa na mwendo wa haraka, ala za kupuliza zinazong'aa na sauti za waimbaji wanaopokezana, na wengi waliisikia kama sauti ya umoja uliotarajiwa baada ya mapambano ya haki za kiraia.

Baada ya hapo zilipita zaidi ya miaka miwili bila albamu mpya ya studio. Mkusanyiko wa nyimbo zilizokwisha kuvuma, uliotolewa mwaka 1970, ndio uliojaza pengo hilo. Wakati huohuo, kiongozi wa bendi, Sly Stone, alianza kujulikana kwa kuchelewa au kutofika kwenye maonyesho, na matumizi yake ya dawa za kulevya yakawa habari. Kwa hiyo albamu ilipotoka, wahakiki walikuwa na vipimo viwili mkononi: uchangamfu wa Stand! na habari za maisha ya msanii. Walichosikia ni mdundo wa polepole, sauti zinazonong'ona, mashine ya ngoma, na mvumo wa mkanda uliochakaa kwa kufutwa na kurekodiwa tena na tena, kwa kuwa Sly alipiga mwenyewe ala nyingi na kuzipanga tabaka juu ya tabaka.

Kutoka lawama hadi sifa

Tahakiki ya Vince Aletti katika jarida la Rolling Stone, Desemba 1971, ni kielelezo cha awamu ya kwanza. Aletti alikiri kwamba mwanzoni aliichukia albamu kwa ulegevu wake, kisha akaanza kuheshimu ukweli wake. Kauli hiyo ina uzito katika historia ya upokezi. Ulegevu ulibaki kuwa kasoro. Kilichoikomboa albamu ni kwamba kasoro hiyo ilionekana kuwa ungamo.

Mwaka 1975, Greil Marcus aliipanua njia hiyo katika kitabu chake Mystery Train. Alimhusisha Sly Stone na simulizi za Stagger Lee, jambazi mweusi wa masimulizi ya Marekani, na kuifanya albamu kuwa ushahidi wa kuporomoka kwa matumaini ya miaka ya 1960. Usomaji huu ulienea. Katika orodha za albamu bora 500 za Rolling Stone, albamu iliwekwa nafasi ya 99 mwaka 2003 na ya 82 mwaka 2020. Lawama zilikuwa zimegeuka heshima, lakini msanii aliendelea kuonekana kama mtu ambaye zama zilipita ndani yake, na si fundi aliyeamua.

Ushahidi wa ufundi

Mfuatano wa matukio unaupa usomaji huo changamoto. Kwanza, Sly hakuwa mgeni wa studio: katikati ya miaka ya 1960 alikuwa mtayarishaji wa muziki katika kampuni ya Autumn mjini San Francisco. Pili, mashine ya ngoma haikuingia kwa sababu tu Errico aliondoka mwaka 1971. Wimbo "Somebody's Watching You", uliomo katika Stand! ukiwa na mpiga ngoma, ulirekodiwa upya na kundi la Little Sister chini ya Sly mwenyewe na kutolewa mwaka 1970, safari hii ukiwa na mashine. Wimbo mmoja, mtunzi mmoja, midundo miwili: huo ni uteuzi. Mvumo wa mkanda unaweza kuwa zao la mazoea ya kazi; mashine haiwezi kuelezwa hivyo.

Tatu, wimbo unaobeba jina la albamu umeandikiwa urefu wa 0:00. Kwa miaka mingi ulihusishwa na ghasia za Grant Park, Chicago, za Julai 1970, zilizozuka bendi ilipokuwa ikisubiriwa jukwaani. Baadaye Sly alieleza kwamba aliuacha bila sauti kwa sababu hakutaka pawe na ghasia zozote. Kimya ambacho wahakiki walikisoma kama kumbukumbu ya vurugu, mtunzi alikieleza kama kuikataa.

Wanamuziki walisikia tofauti mapema. Miles Davis alitambua athari ya Sly katika muziki wake wa kipindi cha On the Corner (1972), na Herbie Hancock akaipa jina la "Sly" mojawapo ya tungo za Head Hunters (1973). Wao walichukua mbinu: mdundo unaojirudia, besi inayoongoza, nafasi zilizoachwa wazi.

Hitimisho

Matatizo ya Sly Stone yalikuwa halisi, na Marekani ya 1971 ilikuwa na majeraha halisi. Hata hivyo, kuifanya albamu kuwa dalili pekee kunamnyima msanii mweusi kile ambacho wasanii wengine hupewa bila kuombewa, yaani dhana kwamba alijua alichokuwa akifanya. Historia ya upokezi wake inaonyesha kuwa sifa nayo, kama lawama, inaweza kuufunika ufundi.