Kuachia wimbo

Vijana wa kijiweni Madale hawasemi tena msanii ametoa wimbo. Ameachia. Enzi za NUTA Jazz, bendi ilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, wimbo ukatoka. Zikaja kanda, nazo zikatolewa. Siku hizi kazi huwekwa mtandaoni, kama Diamond Platnumz alivyofanya na EP yake, FOA, Machi 2022, na kitenzi kimebadilika.

Wapo wanaosisitiza kuwa sahihi ni kuachilia. Sikubaliani nao. Magazeti huandika kila wiki kwamba mahakama imemwachia huru mshtakiwa, na hakuna anayelalamika. Tena kuachia kunataka kitu kiwe kimeshikwa kwanza: kamba, mkono, usukani. Wimbo wa leo hushikwa kwelikweli. Tunarushiwa vionjo, tunaonyeshwa picha ya jalada, tunatajiwa tarehe, ndipo ngumi inafunguka.

Kwa hiyo neno haliendi kila mahali. Mpishi wa televisheni haachii pilau, hulipakua. Kipupwe kinapoisha hakiachiwi na yeyote, ila chenyewe hutuachia, kama homa.

Ninachokipenda zaidi ni ile -i- katikati, alama ya kutendea. Mzazi huwaachia watoto shamba. Wanaoachiwa wimbo ni akina nani? Sentensi ya kijiweni haiwataji, lakini sarufi imewawekea nafasi: wanaoucheza harusini, wanaouimba daladalani, wanaoubadilisha maneno watakavyo, bila kumwomba ruhusa aliyeutunga.