Orodha ya majina ni deni: namna barua zilikuza gazeti, na namna uaminifu unapotea



Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja wa promosyo mpya aliniuliza: "Kaka, niko na karatasi yangu ya kila wiki juu ya ufugaji wa kuku, naituma ku email. Niko na wasomaji 60 tu. Nilipe matangazo ku Facebook ao ninunue orodha ya majina?" Nilimujibu nusu nusu. Leo naleta jibu nzima, lakini kwa njia ya historia, juu ile swali si ya leo. Iko na zaidi ya miaka mia moja, na ilianza kati ya watu wa kilimo kama sisi.

Tuende kwanza Marekani. Mwaka 1895 kampuni ya John Deere, watengenezaji wa majembe ya kukokotwa na wanyama, ilianza kutoa gazeti lenye kuitwa The Furrow, maana yake ule mfuo ambao jembe linaacha mu udongo. Mkulima hakulilipa. Lilimufikia kupitia wauzaji wa kampuni, watu wenye walijua nani analima nini. Ndani yake haikukuwa tu "nunua jembe letu". Kulikuwa mashauri ya shamba, mambo ambayo mtu anaweza kutumia hata kama hana pesa ya kununua kitu. Mu 1912 lilikuwa linafikia watu kama milioni nne. Na mpaka leo lingali linatoka. Muone hapo mambo mawili: walichagua watu wa kuwatumia, na walitoa kitu mbele ya kuomba kitu.

Sasa kuna kijana mwingine wa Minnesota, DeWitt Wallace, mzaliwa wa 1889. Alifanya kazi kwa wachapishaji wa magazeti ya kilimo mu mji wa Saint Paul. Kule aliona serikali inatoa vitabu vingi vidogo vya mashauri ya kilimo, vizuri sana, lakini mkulima hajui kama viko. Mu 1916 akatoa kitabu kidogo chenye kuorodhesha vile vitabu, mkulima ajue kipi aombe na wapi. Hakuenda kukiuza mlango kwa mlango kwa wakulima. Alienda ku mabanki na maduka, wao wanunue kwa wingi na wawape wateja wao. Aliuza nakala kama 100,000. Mtu wa miaka kama 27, karibu umri wangu.

Vita vikaja. Mu 1918 Wallace alijeruhiwa Ufaransa, na mu hospitali akawa anasoma magazeti na kuyafupisha. Aliporudi alitengeneza mfano wa gazeti la makala yaliyofupishwa, akazunguka nao kwa wachapishaji. Wote walikataa. Akapata kazi mu kampuni moja kubwa ya Pittsburgh, mu 1921 wakamufukuza juu uchumi ulikuwa unaanguka. Hapo njo alifanya jambo lenye linatuhusu: alikaa na kuandika barua.

Hakuandikia kila mtu. Alitafuta orodha za walimu, za wauguzi, za vyama vya wanawake, watu wenye kupenda kusoma na wenye hawana wakati wa kusoma yote. Aliwaambia: lipeni dola 3 za mwaka mzima, na kama gazeti halikupendezi, pesa yako inarudi. Mwezi wa 10 wa 1921 alimuoa Lila Acheson, wakaenda mapumziko ya ndoa. Waliporudi, watu kama 1,500 walikuwa wamejibu na kulipa. Gazeti lilikuwa bado halijatoka hata namba moja! Namba ya kwanza ya Reader's Digest ilitoka mwezi wa 2 wa 1922, nakala 5,000. Mu 1929 walikuwa na waliojiandikisha karibu 290,000. Na mu toleo la Marekani hawakuweka tangazo hata moja mpaka 1955. Msomaji njo alikuwa anawalisha, si mwenye kutangaza.

Tusimame hapo kidogo. Ile barua ilifaulu juu ya nini? Wengi watasema juu ya maneno mazuri. Mimi naona sababu nyingine: stempu. Kila barua ililipiwa, karatasi ililipiwa, bahasha ililipiwa. Ukituma kwa mtu asiyefaa, unapoteza pesa yako mwenyewe. Kwa hiyo ulilazimika kufikiri: huyu ni nani, anahitaji nini? Bei ya stempu ilikuwa kama breki ya gari.

Email iliondoa ile breki. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta Digital Equipment Corporation, alitaka kutangaza mashine mpya mu California. Intaneti kama tunavyoijua haikukuwa bado. Kulikuwa ARPANET, mtandao wa watafiti na jeshi. Anwani za watumiaji zilikuwa zimechapwa mu kitabu. Walichukua kama 400 humo, wakatuma ujumbe mmoja kwa wote mara moja. Anwani zilikuwa nyingi hata zikajaa na kumwagika mpaka mu ujumbe wenyewe. Watu walikasirika sana, na wenye kusimamia mtandao walimukaripia. Lakini Thuerk mwenyewe alisema baadaye kama ule ujumbe uliuza mashine za mamilioni ya dola. Hapo njo shida: ilifanya kazi. Aliyepata faida ni mmoja, aliyelipa ni wote, kila mmoja kwa wakati wake na uvumilivu wake. Leo ule ujumbe unahesabiwa kuwa wa kwanza wa zile zenye tunaziita spamu.

Hata Reader's Digest wenyewe walifika pale. Orodha yao ilikuwa mali kubwa, na kwa miaka mingi waliituma barua za bahati nasibu, zile za "labda umeshinda". Mu 2001 kampuni ilipatana na majimbo zaidi ya 30 ya Marekani yenye yalisema kama zile barua zinapotosha watu, wazee zaidi. Jina lenye lilijengwa na ahadi ya kurudisha pesa likajikuta linajitetea mbele ya serikali.

Na sasa niseme yangu, juu sitaki kuhubiria wengine tu.

Nilipomaliza lisansi, nilisaidia kikundi cha wakulima wa migomba kule Walungu. Kila siku ya soko nilikaa na daftari, naandika jina, namba ya simu, na idadi ya migomba. Niliwaahidi jambo moja: "Tutawatumia ujumbe wa migomba tu." Tulifika majina 312. Kila siku ya kwanza ya juma ujumbe mmoja, mistari miwili. Watu walikuwa wananipigia kuuliza zaidi. Nilikuwa najiona mtu.

Kisha mfanyabiashara mmoja wa mbegu akaniomba ile orodha. Alinipa dola 40. Nilifikiri: mbegu pia ni kilimo, ubaya uko wapi? Nikamunakilia yote. Mu wiki mbili wale wazazi walikuwa wanapokea ujumbe kila siku: mbegu, mbolea, kisha mikopo. Yote ilionekana kama inatoka kwetu.

Miezi michache mbele, mnyauko wa migomba uliingia mu vijiji vya jirani. Nilituma onyo: vunjeni ua dume kwa mti wenye panda, msilikate na panga, panga mukilitumia, mulipitishe mu moto ao mu javeli, shina lenye ugonjwa likatwe chini kabisa. Wenye walijibu hawakufika kumi. Nilipopanda kule, mama mmoja alinionyesha shamba lake, majani yamenyauka, ndizi zimeiva mbele ya wakati na ndani zimeoza. Aliniambia tu: "Mwanangu, simu ililia. Nilizani ni ile ya kuuza tena, nikafuta." Hakunikasirikia. Ingekuwa afadhali anikasirikie.

Zile dola 40 nilinunulia viatu na unite za simu. Sikumbuki zingine zilienda wapi.

Basi, mdogo wangu, jibu lako. Matangazo ya kulenga si mabaya. Tangu 2012 Facebook inakuruhusu kupandisha orodha ya email ao ya namba za simu, nayo inatafuta wale watu ili waone tangazo lako. Hii ni akili ile ile ya Wallace na orodha yake ya walimu. Lakini ukumbuke kama pale unapeleka majina ya wengine kwa mtu wa tatu. Uliwaomba ruhusa? Ulaya, tangu mwezi wa 5 wa 2018, sheria inataka ukubali wa mwenyewe uwe wazi, na kama anaweza kuuondoa wakati wowote. Na kwetu Congo, Kode ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 nayo inalinda habari za mtu. Ni sheria yetu, tuisome.

Kwa pesa kidogo uliyo nayo, lipa tangazo moja, wilaya moja, kwa wafugaji, na tangazo lenyewe liwape kitu: kwa mfano namna ya kujenga banda la kuku kwa mbao na nyasi. Mwenye kupenda atajiandikisha yeye mwenyewe. Umuambie siku gani utatuma, na usitume siku nyingine. Chini ya kila barua weka njia rahisi ya kutoka. Orodha ya kununua, uache. Wale watu hawakukupa jina lao; walimupa mwingine, ao hawakumupa mtu.

Wasomaji 60 wenye wanafungua barua yako ni wengi. Mimi nilikuwa na 312, na siku niliwahitaji, hawakukuwapo.

Ninyi wandugu, munatunza vipi namba za watu wenye waliwaamini? Muniandikie hapa chini.