Kitabu cha Dini Nyumbani: Tangu Bagamoyo hata Msamvu

Mtu ashukaye leo katika stendi ya Msamvu aweza kukutana na vitabu vya dini vya kila namna mikononi mwa wachuuzi, na simu yake humletea mahubiri mengi kuliko awezavyo kuyapima. Basi huuliza: Nichukue kipi, nikajifunze imani yangu nyumbani? Habari za wazee wetu zaweza kutusaidia kulijibu swali hilo.

Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walivuka kutoka Unguja wakajenga misioni Bagamoyo. Wengi wa wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, watu wa makabila mbalimbali, na Kiswahili kikawaunganisha. Walijifunza kwa sikio na kwa moyo: mwalimu huuliza, nao hujibu kwa pamoja. Kwa njia hiyo imani ilipanda bara, ikafika Mhonda mwaka 1877, Mandera mwaka 1881, na Morogoro muda mfupi baadaye. Hata Matombo, katika Uluguru, mwaka 1897.

Mapadre hao walijua ya kuwa neno moja likikosewa, fundisho zima hupinda. Padre Charles Sacleux, aliyefika mwaka 1879, aliyachunguza maneno ya Kiswahili kwa miaka mingi, na kamusi yake kubwa ilipigwa chapa Paris kati ya miaka 1939 na 1941. Kazi ya uvumilivu namna ile yatuonya tusipokee ovyo kila karatasi iliyoandikwa jina la Yesu.

Katika Uluguru ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na bibi na mjomba wana sauti katika malezi. Mtoto akirudi na jibu la katekisimu, akalisema kwa sauti karibu na jiko, hajifunzi peke yake. Asiyejua kusoma naye hulisikia. Hilo ndilo lililokuwa jema katika desturi ile. Walakini tusijidanganye: mtu aweza kukariri majibu yote asielewe hata moja.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokaa tangu mwaka 1962 hata 1965, uliwahimiza waamini wote wasome Maandiko Matakatifu mara kwa mara, katika tafsiri zenye maelezo ya kutosha. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa Katekisimu ya Kanisa Katoliki, yenye vifungu 2865 na sehemu nne: Kanuni ya Imani, Sakramenti, Amri na Sala. Nguzo hizo nne ndizo zile za Katekisimu ya Kiroma ya mwaka 1566. Tena mwaka 2005 ulitolewa Muhtasari wake, wenye maswali 598 na majibu yake. Hivyo namna ya kufundisha iliyotumiwa Bagamoyo imeturudia, nayo yaeleza zaidi.

Basi tuchagueje? Kwanza, tuhesabu vitabu vya Biblia yetu. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73; nyingi ziuzwazo zina 66. Jambo hili si dogo. Bibi amefiwa, aomba Misa kwa ajili ya marehemu. Mjukuu afungua Biblia yake, amwambia ya kuwa habari hiyo haimo. Hasemi uongo: Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, kinachosimulia sadaka kwa ajili ya wafu, hakimo katika nakula aliyonunua. Kumbe ugomvi wa msibani ulianza siku ile aliponunua pasipo kuuliza.

Pili, tufungue kurasa za mwanzo za kitabu, tutafute idhini ya Askofu. Neno la Kilatini ni Imprimatur, maana yake, Na kipigwe chapa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yadai idhini hiyo kwa katekisimu na kwa vitabu vingine vya kufundishia dini. Haimaanishi ya kuwa Askofu akubali kila wazo la mwandishi, bali ya kuwa kitabu kimechunguzwa, wala hakikuonekana kupinga imani.

Tatu, tusikusanye vingi. Biblia moja kamili na katekisimu moja yatosha kwa kuanza. Isomwe kwa sauti, swali moja kila jioni, na kila mmoja aeleze jibu kwa maneno yake mwenyewe. Likiwashinda, lipelekwe kwa katekista siku ya Dominika.

Wazee wetu walikuwa na vitabu vichache na masikio mengi. Sisi tuna vitabu vingi; tuangalie tusikose masikio. Ninyi walimu, mtu akija na kitabu alichonunua Msamvu, msimcheke. Kipokeeni, kifungueni pamoja naye, mkamwonyeshe pa kutazama.