Je, Aliye Peke Yake Hujivuna?

Katika hotuba yake ya 1755 kuhusu chanzo cha ukosefu wa usawa, Jean-Jacques Rousseau alimwazia binadamu wa kwanza akizurura msituni peke yake. Anakula, analala, anakwepa hatari. Anajipenda, ila hajivuni, kwa kuwa hana wa kumringia. Majivuno yanazuka baadaye, watu wanapokusanyika mbele ya vibanda kuimba na kucheza: huyu kaimba vizuri zaidi, yule katazamwa zaidi, na kila mmoja anaanza kuyatamani macho ya wenzake.

Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, asingekubali. Kwake, kujipenda si kosa. Kupenda kuwapo kwako na ukamilifu wako ndiyo asili ya kila pendo, na anayejua uhai wake umetoka wapi hufikishwa na pendo hilo kwa Mola. Lakini katika kitabu chake Ihya anatenganisha kiburi na kujiona. Kiburi kinataka mtu wa pili wa kudharauliwa. Kujiona hakumhitaji yeyote: hata mtu angeumbwa peke yake, angeweza kuifurahia elimu au ibada yake kana kwamba hakupewa.

Naegemea kwa Ghazali, na shahidi wangu ni Rousseau mwenyewe. Uzeeni aliandika tafakuri za matembezi yake ya upweke, akidai ameshaachana na watu. Kurasa zenyewe zimejaa mahasimu. Mtetezi wake atasema aliwabeba kutoka mjini. Haya, basi msitu hauponyi.

Aristotle, katika kitabu cha tisa cha maadili yake, anadhani amelimaliza suala la kujipenda: mbaya hunyakua fedha na heshima, mwema humwachia rafiki vyote hivyo, hata uhai. Kinachonikera ni hesabu yake. Mwema huyo hujitwalia fungu bora, yaani uzuri wa tendo. Na akimwachia rafiki hata nafasi ya kutenda, bado sifa humrudia yeye. Mkarimu gani huyu asiyepata hasara kamwe?

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake Al-Inkishafi, anawaonyesha matajiri wa mji wa Pate wakitembea kwa maringo kabla majumba yao hayajawa magofu. Hao walikuwa na watazamaji; Rousseau angewatambua mara moja. Ila mshairi hakuanza nao. Kabla yao aliukemea moyo wake mwenyewe, na moyo huo haukuwa na hadhira yoyote.