Dawa ya Malaria Inapouliza: Umekula Nini?

Ukipewa dawa mseto ya malaria dirishani, mtoa dawa hukuambia: "Meza ukiwa umekula, ikiwezekana chakula chenye mafuta." Wengi tunaitikia tu na kuondoka. Nyumbani mambo ni tofauti. Mdomo mchungu, chakula hakipiti, basi mgonjwa anameza vidonge kwa maji au chai ya rangi na kurudi kulala. Je, kuna shida hapo? Ili kujibu, twende kwanza kwenye Milima ya Usambara, turudi nyuma zaidi ya miaka 120.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo pale Amani, Usambara Mashariki. Kati ya miti waliyoipanda ulikuwamo mkwinini, mti wenye asili ya milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Gome lake ndilo linalotoa kwinini. Vita vilipoanza mwaka 1914, meli za Waingereza zilifunga njia ya bahari, na kupata dawa kutoka Ulaya kukawa kugumu sana. Amani ikageuka kiwanda na kutengeneza vidonge vya kwinini kutokana na magome yake. Waingereza walipoiteka milima hii mwaka 1916, jeshi la Lettow-Vorbeck liliendelea kuchemsha magome na kunywa maji yake machungu kweli kweli. Askari waliyaita kwa utani "Lettow-Schnaps", yaani pombe ya Lettow.

Gome hilo lina siri nyingine. Mbali na kwinini, limo pia ndugu yake, kwinidini, ambayo baadaye ilitumika kutibu mapigo ya moyo yasiyo sawa. Mwaka 1978 madaktari waligundua jambo la kuogofya: mgonjwa anayetumia digoksini, dawa nyingine ya moyo, akiongezewa kwinidini, kiwango cha digoksini kwenye damu hupanda, mara nyingi karibu maradufu, ingawa hajaongeza hata kidonge kimoja. Kwinidini inaizuia digoksini isitoke mwilini kama kawaida. Dozi ni ile ile, lakini sasa inaweza kuwa sumu. Kumbe kilichoandikwa kwenye pakiti siyo lazima kiwe ndicho kinachofika kwenye damu.

Tushuke sasa hadi Mkuzi, kijiji cha Muheza, chini ya milima hiyo hiyo. Miaka ya 1950, wakati Amani ikiwa makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki, wanakijiji wa Mkuzi walipewa pirimethamini ya kujikinga. Haikuchukua muda mrefu vimelea sugu vikajitokeza. Funzo la Mkuzi bado lipo nasi: kimelea kinachokutana na dawa bila kuuawa hupata nafasi ya kuizoea.

Mwaka 2001 Tanzania iliiacha klorokwini, iliyokuwa imeshindwa, ikaingia SP. Hii ni pirimethamini ile ile ikiwa imeunganishwa na salfadoksini. SP hukizuia kimelea kisitengeneze foleti, aina ya vitamini kinayoihitaji ili kuzaliana. Sasa fikiria mama mjamzito anayepewa SP ya kujikinga kliniki, na pia vidonge vya kuongeza damu vyenye asidi ya foliki. Dozi ndogo ya miligramu 0.4 kwa siku haina shida. Lakini ikifika miligramu 5, nguvu ya SP hupungua. Ni kama unamfungia mwizi mlango wa mbele huku ukimpitishia chakula dirishani.

Kuanzia mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto, ALu: artemetha na lumefantrini. Artemetha hufanya kazi haraka. Ndiyo inayoshusha homa, kisha hutoka mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini hubaki kwa siku kadhaa ikimalizia vimelea vilivyosalia. Tatizo ni kwamba lumefantrini haipendi maji, inapenda mafuta. Ikimezwa na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia kwenye damu kinaweza kuwa mara 16 ya kile kinachoingia tumbo likiwa tupu.

Usiogope, lakini. Utafiti uliofanyika Mbarara, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2005 ulilinganisha wagonjwa waliosimamiwa na kupewa chakula chenye mafuta na wale waliopewa dawa wakajimezee nyumbani. Waliojimezea walikuwa na lumefantrini kidogo zaidi kwenye damu, lakini makundi yote mawili yalipona kwa takriban asilimia 98. Na mafuta yanayohitajika siyo mengi: utafiti mwingine ulionyesha kwamba gramu 1.2 tu zinakaribia kutosha. Kikombe cha maziwa kinazidi hapo. Kipande cha parachichi la Lushoto pia.

Sasa kama wengi wanapona, kwa nini tuhangaike? Kwa sababu ya Mkuzi. Homa ikishuka siku ya pili, mgonjwa anajiona mzima, kumbe kazi ya lumefantrini bado haijaisha. Ikiwa imeingia kidogo, vimelea vichache vinaweza kubaki na kuonja dawa bila kufa. Tena mtu wa Lushoto mjini, ambako baridi huwazuia mbu, mwili wake haujazoea malaria kama wa mtu wa Mombo au Korogwe. Akishuka bondeni akaumwa, anaitegemea dawa zaidi.

Na chakula siyo mwenzake pekee. Rifampisini ya kifua kikuu huamsha vimeng'enya vya ini, vikaivunja kwinini au lumefantrini upesi kabla haijamaliza kazi. Kwa hiyo ukifika dirishani usingoje kuulizwa. Taja kila dawa unayotumia, hata ya kuongeza damu, hata ya mitishamba. Halafu ukifika nyumbani, kabla ya kumpa mgonjwa kidonge, mpe kwanza kikombe cha maziwa.