Mawingu Yaliyomwokoa Einstein

Mwaka 1911, Albert Einstein, wakati huo profesa mjini Prague, alipiga hesabu akaona kwamba nuru ya nyota ikipita kando ya Jua hupinda kwa sekunde za tao 0.83. Gawa digrii moja mara 3,600 na utapata sekunde moja ya tao. Tena nyota zilizo kando ya Jua hazionekani mchana. Ilibidi kungoja Jua lipatwe, kuzipiga picha nyota zilizo kando yake, kisha kuzilinganisha na picha za nyota zilezile zilizopigwa usiku, Jua likiwa mbali.

Hesabu yenyewe ilikuwa nusu tu ya jibu, wala mwenyewe hakujua. Mwaka 1912, wanaastronomia waliosafiri hadi Brazil kuipima walikuta mvua. Agosti 1914, mwanaastronomia Mjerumani Erwin Freundlich alikwenda Crimea, iliyokuwa chini ya Urusi, na vyombo vyake. Ujerumani na Urusi zikaingia vitani, naye akakamatwa. Mwanaastronomia Mmarekani William Campbell, ambaye nchi yake haikuwa vitani, aliachwa afanye kazi karibu na Kiev, na siku ilipofika mawingu yakatanda.

Novemba 1915 Einstein alikamilisha nadharia yake ya uvutano. Karibu na Jua wakati huenda polepole zaidi, na hilo ndilo alilolihesabu mwanzo. Lakini anga lenyewe nalo limepinda, na mpindo huo huongeza kiasi kilekile tena: jumla, hesabu ya awali ikisahihishwa kidogo, sekunde 1.75. Lau mbingu ya 1914 ingekuwa safi, vioo vya picha vingempinga hadharani. Tumezoea kumsifu kwa akili zake. Mawingu na polisi wa Urusi nao wanastahili sehemu yao.

Habari za nadharia hiyo zilimfikia mwanaastronomia Arthur Eddington wa Cambridge kupitia mwenzake Willem de Sitter, aliyekuwa Uholanzi, nchi isiyopigana. Frank Dyson, mkuu wa kituo cha kuchunguza nyota cha Greenwich, naye alionyesha kwamba tarehe 29 Mei 1919 Jua lingepatwa likiwa mbele ya Hyades, kundi lenye nyota nyingi angavu, jirani na Kilimia. Fursa kama hiyo ni adimu. Kivuli kingeanzia Amerika Kusini, kivuke Atlantiki hadi kisiwa cha Principe, kisha kikate Afrika kuelekea Ziwa Tanganyika, ambako bunduki za vita vile zilikuwa zimenyamaza nusu mwaka tu.

Eddington alikwenda Principe, kisiwa cha Wareno chenye mashamba ya kakao. Asubuhi mvua ilinyesha kwa nguvu. Saa nane na robo mchana giza likaingia kwa dakika tano. Picha 16 zikapigwa, nyingi zikiwa na mawingu matupu. Alichookoa kilitoa 1.61, kwa shaka kubwa.

Wenzake waliokwenda Sobral, Brazil, walikuwa na darubini mbili. Ndogo ilitoa picha safi na jibu la 1.98. Kubwa ilipoteza fokasi, pengine kwa sababu joto lilikipanua kioo chake, ikatoa 0.93, karibu kabisa na ile nusu ya zamani. Hapo ndipo kiini cha kisa hiki. Dyson aliamua kutoipa uzito darubini iliyoharibika, na tarehe 6 Novemba 1919 mjini London matokeo yalitangazwa kuwa ushindi wa Einstein. Baadaye wapo waliosema namba zilichaguliwa kwa upendeleo. Sidhani. Picha zilikuwa mbovu kwa macho, na waliokuwa Sobral waliliandika hilo kabla ya kupima chochote.

Campbell hakukata tamaa. Mwaka 1922 alipiga kambi Wallal, magharibi mwa Australia, akapata mbingu safi na jibu la 1.72. Na mwaka 1979 Greenwich ilivitoa vile vioo vibovu vya Sobral, ikavipima upya kwa mashine za kisasa. Safari hii vilisema 1.55.