Vakansi kubwa: jamaa ya Likasi ipeleke watoto wapi? Tshangalele, Lubumbashi ao Lofoi

Kila mwaka, masomo yakifunga mu mwanzo wa mwezi wa saba, ulizo linakuwa moja mu nyumba nyingi za Likasi, kuanzia Kikula mpaka Panda: watoto watatembea wapi? Mmoja anataka kuona maji makubwa. Mwingine anataka kuona nyama wa pori. Yule mdogo anataka paka kupanda motokari na kutoka mu mji.

Wazazi nao wanahesabu. Feza inayokulwa mwezi wa saba ndiyo ile itakayotafutwa mwezi wa tisa juu ya daftari, viatu na uniforme. Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini mwenye mtoto mu sekondari anaendelea kulipa. Kwa hiyo kuchagua vibaya pahali pa kutembea si mchezo.

Kwa jamaa ya Likasi, pahali patatu ndipo panashindana: ziwa Tshangalele pamoja na Mwadingusha, mji wa Lubumbashi na bustani yake ya nyama, halafu maanguko ya maji ya Lofoi mu parke ya Kundelungu. Kila moja iko na uzuri wake, lakini hazifai watu wale wale, wala miezi ile ile.

Kalenda kwanza

Watu wengi wanaanza na kuuliza bei. Ni vizuri kuanza na mwezi.

Katika Haut-Katanga mvua inanyesha tangu karibu mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa ine. Kisha kunakuja kipwa, ni kusema kiangazi, mpaka mwezi wa kumi. Vakansi kubwa inaanguka katikati ya kipwa. Hiyo ni nzuri kwa barabara: udongo umekauka, motokari inapita. Lakini ni mbaya kwa maanguko ya maji, sababu mito inapunguka kila juma. Mtu aliyeona picha ya Lofoi yenye kujaa maji, akapeleka watoto mwezi wa nane, anaweza kukuta uzi mwembamba wa maji juu ya jiwe.

Pia kuna baridi. Mwezi wa sita na wa saba, usiku, mu milima ya Katanga baridi inaweza kushuka chini ya digri 10. Jamaa inayolala mu hema bila blanketi za kutosha itarudi na watoto wenye kukohoa.

Kwa hiyo, anayetaka maji aangalie siku za mwisho wa mvua. Tarehe 30 mwezi wa ine ni siku ya walimu, masomo hayafanyike, na kesho yake ni sikukuu ya wafanyakazi. Kunakuwa pia tarehe 17 mwezi wa tano. Wakati huo mito ingali na nguvu na njia inaanza kukauka. Anayetaka nyama, mchezo na mji, yeye vakansi kubwa inamfaa bila shida.

Tshangalele na Mwadingusha: karibu, na ya siku moja

Hii ndiyo ya karibu zaidi. Tshangalele si ziwa la asili. Maji ya mto Lufira yalifungwa na barrage ya Mwadingusha, na kituo chake cha umeme kilianza kazi mwaka wa 1930 ili kulisha mashini za kampuni ya shaba, Union Minière. Zamani maanguko ya pale yaliitwa Cornet, jina la Jules Cornet, mtaalamu wa mawe aliyepita Katanga mu mwisho wa karne ya 19. Maji yanashuka zaidi ya mita 100. Lakini mengi yanapita ndani ya matiyo kwenda kuzungusha turbine, basi yanayobaki kuonekana inje yanategemea msimu na kazi ya barrage.

Ziwa ni pana lakini halina kina kirefu. Ndege ni wengi, na mwaka wa 1982 UNESCO iliweka eneo la Lufira mu orodha yake ya hifadhi za biosfera. Upande wa Kapolowe watoto wanaweza kuona mitumbwi, nyavu, samaki wanaotoka mu maji, na kula bukari na samaki mupya pale pale. Mtoto wa mji aliyezoea kuona samaki mu soko tu anarudi na habari ya kuelezea kwa juma nzima.

Mambo matatu ya kuangalia. La kwanza ni ruhusa: kituo cha umeme ni mali ya SNEL, si bustani ya watu wote. Anayetaka kukaribia barrage na maanguko aombe ruhusa mbele, asifike na bisi imejaa watoto kisha kurudishwa ku mlango. La pili ni maji yenyewe. Maji yaliyotulia, yenye majani pembeni, yanaweza kubeba bilarzi. Na kabla ya mtu yeyote kuingia mu maji, wavuvi wa pale waulizwe kama kuna mamba ao kiboko. Mtumbwi bila gile za kuogelea si wa watoto. La tatu ni takataka za viwanda. Watafiti wamekuta shaba, kobalti na metali zingine mu maji na mu samaki wa ziwa hili, zinazotoka hasa upande wa viwanda vya Likasi kwa njia ya mto Panda. Kula samaki siku moja ya matembezi si sawa na kumkula kila siku, lakini maji ya kunywa yatoke nyumbani, na watoto wanawe mikono mbele ya kula.

Lubumbashi: nyama, historia, na jamaa ya kulala kwao

Lubumbashi iko karibu kilometa 120 kwa barabara kubwa namba 1, yenye goudron. Kwa watoto, kitu cha kwanza ni bustani ya nyama, ile watu wanaita zoo. Iko ndani ya mji, mtoto wa miaka mitatu anaweza kuizunguka kwa miguu yake, na mvua ao kipwa haibadilishe kitu.

Mu eneo la zoo kuna pia kituo cha sokwe kinachoitwa JACK, kifupi cha Jeunes Animaux Confisqués au Katanga. Kilianza mwaka wa 2006 kwa kupokea sokwe wadogo walionyang'anywa mikononi mwa wanaowauzisha. Mwezi wa tisa 2022 wezi waliingia usiku, wakaiba sokwe watatu wadogo na kuomba feza ili kuwarudisha. Habari ile ilizunguka dunia. Mzazi anaweza kuitumia kueleza mtoto kwa nini mtu hanunue sokwe ao kasuku wa pori ku barabara: kila mara mtu ananunua, mwingine anarudia mu pori kukamata.

Kisha zoo, kuna Muze ya taifa ya Lubumbashi. Watoto wa masomo wataona mle misalaba ya shaba, ile iliyotumika kama feza mu Katanga mbele ya wazungu kufika. Kwa mtoto wa mji wa shaba kama Likasi, hilo ni somo kubwa kuliko mchezo wa kuteleza mu maji. Lakini anayependa maji naye hakosi: kuna piscine mu otele, na ziwa Kipopo inje ya mji, pahali ambapo wakaaji wa Lubumbashi wanapenda kwenda siku ya Mungu.

Faida kubwa ya Lubumbashi haiandikwe mu tangazo lolote: karibu kila jamaa ya Likasi iko na shangazi, mjomba ao ndugu kule. Usiku wa kulala haulipwe. Ila mgeni asifike mikono mitupu, hasa kama anakuja na watoto watano. Mfuko wa unga na mafuta kidogo vinaheshimisha wote.

Hatari kubwa ya safari hii ni barabara yenyewe. Makamio ya madini yanapita usiku na mchana, na kuovateki mu kilima ndiko watu wanakufia. Safari ianze asubuhi na mapema, irudi mbele ya giza, na mtoto asiwekwe ku magoti ya mtu wa mbele. Feza ya peaje nayo ihesabiwe, kwenda na kurudi.

Lofoi: kubwa kuliko zote, na ngumu kuliko zote

Parke ya Kundelungu iliundwa mwaka wa 1970, na inaongozwa na ICCN. Ndani yake mto Lofoi unaanguka karibu mita 340 bila kugusa ngazi katikati. Ili kuelewa: cheminée ya Gécamines ya Lubumbashi iko na mita karibu 150, basi mtu aweke mbili moja juu ya ingine na bado hazifike. Maanguko ya Victoria yenyewe, yenye sifa dunia nzima, yako na mita 108. Yanashinda Lofoi kwa upana na wingi wa maji, si kwa urefu.

Hiyo ndiyo sifa. Sasa bei ya sifa. Kutoka Likasi, wengi wanapitia kwanza Lubumbashi, kisha wanaacha goudron. Inaomba motokari ya nguvu yenye magurudumu mane ya kuvuta, mafuta ya akiba, chakula na maji ya siku zote, dawa, hema, na mtu anayejua njia. Si safari ya siku moja. Ni siku mbili ao tatu. Telefone haishike kila pahali. Nyama wa pori walipunguzwa sana na wawindaji, basi mtoto aliyeahidiwa simba na tembo atalia. Wanaokwenda Lofoi wanakwenda juu ya maji, milima na kimya.

Pembeni ya maanguko hakuna ukuta wa kuzuia mtoto anayekimbia. Kwa sababu hiyo, Lofoi inafaa vijana wa miaka kumi na zaidi wanaosikia neno la mkubwa. Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye mgongo mbaya, ao mtoto wa pumu, wangoje mwaka mwingine. Na mbele ya kuondoka, jamaa iulize biro ya ICCN mu Lubumbashi juu ya hali ya njia, usalama na ruhusa ya kuingia.

Upemba na inchi za jirani

Wengine wanauliza Upemba. Ni parke ya zamani, ya mwaka wa 1939, na ndimo punda-milia wa mwisho wa Kongo wanaishi. Lakini ni mbali, na eneo lile limeona makundi ya silaha na walinzi kuuawa. Kwa sasa si pahali pa kupeleka watoto bila kupanga na walinzi wenyewe.

Kuvuka Kasumbalesa kwenda Zambia kunawezekana kwa wenye paspoti. Chimfunshi, upande wa Chingola, inalinda sokwe tangu 1983. Victoria, ku Livingstone, ni zaidi ya kilometa 900 toka mpaka. Mtoto anayesafiri bila mzazi mmoja abebe karatasi za kuonyesha ruhusa.

Na zile bustani za mashini za kuzungusha watu, kama Disneyland ya Paris iliyofunguliwa 1992? Kwa upande wetu wa Afrika inayojulikana ni Gold Reef City, ku Johannesburg. Ilijengwa juu ya shimo la zamani la zahabu, na wageni wanashushwa chini kuona namna wachimbaji walifanya kazi. Mji wa mashimo kama Likasi ungeweza kujifunza kitu pale.

Kuhesabu feza bila kujidanganya

Bei ya kuingia ni sehemu ndogo. Kinachokula feza ni njia. Mzazi achukue karatasi, aandike: motokari na mafuta, peaje, kuingia na kiongozi, chakula, kulala, na kitu kidogo cha matatizo. Kisha ahesabu saa ambazo watoto watacheza kweli na saa watakazokaa mu motokari. Kwa Tshangalele, saa za mchezo zinashinda. Kwa Lubumbashi zinalingana, ila mtu akilala usiku moja ao mbili mchezo unashinda. Kwa Lofoi, njia inashinda, na yule asiyependa njia yenyewe asiende.

Jamaa mbili ao tatu zikikodi bisi moja, mzigo unapunguka. Na likelemba ya matembezi, inayoanza mwezi wa kwanza, inasaidia feza ya mwezi wa tisa isiguswe.

Kwa kifupi

Wenye watoto wadogo na feza kidogo: Tshangalele, upande wa Kapolowe, siku moja, na maji ya kunywa toka nyumbani.

Wenye watoto wa umri mbalimbali, mwezi wa saba ao wa nane: Lubumbashi, siku mbili, kwa jamaa.

Wenye vijana, motokari ya nguvu na akiba: Lofoi, kati ya mwisho wa mwezi wa ine na mwezi wa sita.

Pahali popote, tatu zisikosekane: kadi ya mpiga kura ya wazazi na karatasi za watoto ku bariere, namba ya telefone ya nyumbani iliyoandikwa na kutiwa mu mfuko wa kila mtoto, na mkubwa mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni kuhesabu watoto tu.